Mkomani: Nyumba Zimepona, Majirani Wamehama

"Bora imenunuliwa, isingesalia hata ukuta." Maneno haya kila mtu wa Lamu ameyasikia, na wengi wetu tumeyatamka wenyewe. Husemwa mbele ya nyumba ya mawe iliyouzwa, ambayo sasa imepakwa chokaa nyeupe, mlango wake wa nakshi unang'aa kwa mafuta, na darini pameezekwa makuti mapya. Husemwa kwa sauti ya kumliwaza mfiwa. Mimi nasema maliwazo hayo ni ya uongo, na kwa kuyakubali tunaupoteza mji huku tukipongezana.

Sikatai kwamba nyumba zilikuwa zikianguka. Nyumba yetu ya kale hutaka kuhudumiwa kila mwaka. Paa likipata ufa, ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa mvua, boriti za mikoko huoza pale zilipoingia ukutani, na dari moja ikiporomoka huvuta ya pili. Walionunua walitoa fedha tusizokuwa nazo. Waashi wetu na wachongaji milango walipata kazi, na vijana wakajifunza ufundi uliokuwa karibu kwenda kaburini pamoja na wazee. Hilo ni jema, na sitalipunguza hata chembe. Ninalolikataa ni lile linaloongezwa juu yake, kwamba nyumba ikipona basi mji nao umepona.

Pita mtaa wa Mkomani baada ya isha, mwezi wa Mei, kusi ikivuma na watalii wameondoka. Angalia madaka. Daka lilijengwa kwa maana: baraza za mawe pande mbili za mlango, mwenye nyumba akae na jirani, wazungumze bei ya samaki na posa ya mtoto wa fulani, bila ya mgeni kuingia ndani waliko wanawake. Sasa utapita daka baada ya daka, milango ina kufuli. Ndani ya nyumba iliyokuwa ikilaza familia tatu yumo kijana mmoja mshika funguo, peke yake na feni. Nyumba ya pili ina kijana mwingine wa namna hiyo. Wote wawili kwao si hapa. Ijumaa hurudi kwa mama zao, mitaa ya Kashmiri au Kandahar, wakale. Alfajiri imamu anaswalisha safu isiyojaa. Duka la kona, lililokuwa likikopesha unga na mafuta mpaka mwisho wa mwezi, limefungwa. Aliyebaki hapo wa kukopeshwa ni nani?

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu, eneo la hekta 16, katika orodha ya urithi wa dunia. Tunalitaja jambo hilo kila siku, lakini sababu zake hatuzisomi. Mji ulisifiwa kwa kuwa umekaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 700 bila kukatika, na kwa kuwa shughuli zake za asili zingali zikiendelea humo. Sifa ilikuwa ya ukaaji. Kama kuta peke yake zingetosha, basi tunayo Takwa, pale ng'ambo kisiwani Manda. Takwa ina msikiti, ina ukuta wa mji, ina kaburi la nguzo ambalo watu huvuka bahari kulizuru. Watu waliihama tangu karne ya 17. Leo Takwa imehifadhika vizuri sana, na hakuna mtoto anayeitwa na mama yake pale magharibi ikiingia.

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama nayo iliuzwa, na mkono wangu umo. Alifariki akiacha wana wanne na mabinti watatu. Kwa hesabu ya mirathi hayo ni mafungu 11. Kabla hatujakaa kugawana, wawili kati yao walifariki, mafungu yao yakashuka kwa watoto. Siku ya kuuza tulitia sahihi watu 19. Nyumba ya mawe haigawanyiki mara 19. Kila mmoja wetu alisema angependa ibaki, na hakuna aliyeweza kuwalipa wenzake. Mnunuzi alilipa mafungu yote kwa siku moja. Fungu langu lilinunua tofali za kutosha chumba kimoja na nusu nje ya mji. Nilisema na mimi, bora imenunuliwa. Nilichokiuza sikukijua mpaka mama yangu mdogo alipougua, akawa analala kwenye nyumba ambayo jirani wa karibu hamjui hata jina.

Wazee wetu walikuwa wakimjengea binti nyumba anapoolewa, mara nyingi pale pale kwa mama yake. Ndiyo maana ya wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro kikaunganisha nyumba mbili: mama na binti waendeane bila kushuka njiani. Nyumba yetu ilikuwa nalo. Siku hizi wikio hilo ni chumba cha wageni, na picha yake huvutia wengi.

Watanisikia vibaya wale wanaodhani nawalaumu wageni. Lamu imejengwa na waliokuja. Habib Saleh alikuja kutoka Ngazija, akakaa Langoni, upande wa nyumba za makuti uliodharauliwa na waungwana wa Mkomani, akasomesha watoto wa waliokuwa watumwa wakati wakubwa wa mji walipoona haifai. Hapo uliposimama Msikiti wa Riyadha ndipo Maulidi inapojaza watu kila mwaka. Wabajuni waliokimbia vita vya Shifta miaka ya 1960 walikuja mikono mitupu, na leo huwezi kuutaja mji bila wao. Wako pia Wazungu waliokaa hapa miaka mingi, wanaobeba jeneza pamoja nasi na kujua nani mgonjwa. Hao ni majirani. Na tusisahau kwamba zile kuta tunazozililia zilinyanyuliwa kwa jasho la watumwa. Sizitetei kwa ajili ya fahari ya ukoo wowote. Natetea watu kukaa ndani yake.

Hata mahangaiko yetu yameelekea kusiko. Tunakesha kwenye mikutano tukizilalamikia pikipiki, na ni kweli vichochoro vyetu vilipimwa kwa punda. Lakini pikipiki inapiga kelele kwa sababu ina mtu wa kumpeleka mahali. Nyumba tupu haipigi kelele, basi hakuna anayeiitia mkutano. Wala hatuulizi bwawa la kuogelea la darini linajazwa na maji gani, wakati mji mzima hunywa maji yanayokusanywa na vilima vya mchanga vya Shela.

Najibiwa: mali ni yangu, nimuuzie nimtakaye. Fiqhi yetu ya Kishafi haisemi hivyo moja kwa moja. Mshirika ana haki ya shufaa: mwenzake akiuza fungu lake kwa mtu wa nje, yeye anaweza kulichukua kwa bei ile ile. Haki tunayo, fedha ndizo tusizo nazo. Basi kaunti iweke mfuko wa mkopo usio na riba, wa kumwezesha mrithi mmoja anayetaka kukaa awalipe nduguze. Masheikh nao wahimize wakfu kwa dhuria, mwenye nyumba angali hai, kabla mafungu hayajawa 19. Na kibali cha kukarabati kiulize swali moja ambalo hadi leo hakiulizi, nani atalala humo mwaka mzima? Nyumba ya kufuli itozwe kodi zaidi, na kodi hiyo iingie kwenye mfuko ule ule. Haya si mambo makubwa. Ni madogo kuliko gati za bandari tuliyojengewa pale Manda Bay.

Nyumba ya tatu kutoka ile ya bibi bado ina watu tisa. Upande mmoja paa linavuja, na wiki iliyopita dalali alifika na futi yake akipima ukumbi. Jana jioni nilimkuta mzee wao dakani na tasbihi. Nilipomwamkia alijisogeza upande, akanipa nafasi, akamwita mjukuu alete kahawa. Bei waliyotajiwa ni kubwa. Warithi wanakutana Ijumaa baada ya swala.