Kukwepa mapanga si kusalimika

Nchi kavu, anayetaka kujua kama mitambo ya upepo inaua ndege huzunguka chini yake akihesabu mizoga. Baharini hesabu hiyo haiwezekani, kwani mzoga huzama au huchukuliwa na mkondo. Tangu Denmark iliposimika mitambo ya kwanza ya baharini huko Vindeby, mwaka 1991, ubishi umeendeshwa zaidi kwa makadirio, na kila upande hushika lile linaloupendeza. Sasa watetezi wa mitambo wana ushahidi wa kujivunia: huko Aberdeen, Scotland, kampuni ya Vattenfall ilitega rada na kamera kwenye shamba lake la mitambo 11, na matokeo ya 2023 hayakuonyesha ndege hata mmoja aliyegongwa. Sioni sababu ya kuyabeza. Ila kamera humwona ndege akikata kona, haioni alikoishia.

Anakoishia hujulikana kwa kifaa kidogo cha GPS kinachobandikwa kwenye manyoya ya mkia. Ganeti ni ndege mkubwa mweupe anayevua kwa kujitupa majini kutoka juu. Walipofuatiliwa wale wa kisiwa cha Helgoland, Ujerumani, asilimia 89 waliyaepuka mashamba ya upepo na 11 waliingia mara kwa mara. Wengi hao hawakugongwa, lakini wamenyang'anywa mahali pa kuvulia, na mzazi anayezunguka mbali humcheleweshea kinda chakula. Wachache wanaoingia wana balaa jingine. Vipimo walivyovalishwa ganeti wa Bass Rock, Scotland, vilionyesha kuwa njiani huruka kama mita 12 juu ya maji, ila wakisaka samaki hupanda hadi mita 27 hivi. Ncha ya panga huweza kushuka hadi mita 22. Yaani hatari inamngoja pale pale anapotazama chini kutafuta riziki. Watafiti wakapendekeza ncha isishuke chini ya mita 30: kazi ya mhandisi, wala si kufuta mradi.

Wapo wanaosema joto la bahari linawamaliza ndege kuliko panga lolote, hivyo umeme safi usicheleweshwe. Joto ni kweli, lakini ndege ambaye samaki wake wamepungua ndiye asiyemudu kuzunguka. Tena vibali huchukua miaka; vifaa vifanye kazi wakati huo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wanaovalishwa ni wachache, na ndege wadogo hawawezi kubeba chochote kizito: kanuni iliyozoeleka ni kifaa kisizidi asilimia 3 ya uzito wa mwili. Basi rada na kamera zibaki. Lakini kibali kidai ufuatiliaji kabla ya nguzo ya kwanza, uendelee mapanga yakishaanza kuzunguka, na data za kila kampuni ziwekwe wazi, maana ganeti mmoja anaweza kukatiza mashamba ya kampuni kadhaa katika safari moja.