Kanga chini ya kuku: mfugo mdogo usidharauliwe

Kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, uvuvi ulifungwa katika Ziwa Tanganyika kwa makubaliano ya Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Sababu ilikuwa nzuri. Lakini hapa Uvira, kutoka Kalundu hadi Kavimvira, akina mama wauza ndagala waliuliza swali moja: miezi mitatu tutalisha watoto nini?

Tusidanganyane, hakuna ndege atakayechukua nafasi ya ziwa. Hata hivyo, ipo njia ndogo ambayo jamaa nyingi zinaweza kuianza bila kusubiri mradi wala mfadhili: kulea kanga kwa kutumia kuku wa nyumbani.

Kanga ni ndege wa Afrika na joto la uwanda wa Ruzizi si geni kwake. Tatizo lake ni ulezi. Hutaga kwa wingi wakati wa mvua, akificha mayai majanini. Akiangua, huwatembeza watoto kwenye nyasi zenye umande, na wengi hufa kwa baridi. Kuku wa kienyeji ni mlezi mwenye subira zaidi. Hufunika watoto, huwaita kwenye chakula, na jioni huwarudisha bandani. Kanga aliyelelewa hivyo huzoea kurudi nyumbani, hapandi miti ya jirani.

Lakini kuna makosa yanayorudiwa kila mara. La kwanza ni kuchanganya mayai. Ya kuku huanguliwa kwa siku 21, ya kanga kwa siku 26 hadi 28. Ukiyaweka pamoja siku moja, kuku atainuka na vifaranga vyake na kuacha ya kanga yapoe. Mpe ya kanga peke yake, yasiyozidi anayoweza kufunika vizuri. Na kwa kuwa atakaa wiki nzima zaidi ya kawaida yake, chakula na maji viwe karibu naye.

La pili ni maji. Kifaranga cha kanga huzama hata kwenye sahani, kwa hiyo weka mawe madogo ndani yake. La tatu ni chakula. Pumba za muhogo peke yake hazitoshi, kwa kuwa kanga mchanga anahitaji protini nyingi kuliko kifaranga cha kuku. Ndagala wakavu waliotwangwa wanafaa. Ziwa likifungwa, mchwa wanasaidia. Wiki za kwanza, mfungie kuku na watoto wake mahali pakavu hadi jua likaushe nyasi.

Hesabu ya kalenda nayo ni muhimu. Mayai yaliyowekwa Desemba huanguliwa Januari, na kufikia Juni ndege hao wanaweza kuuzwa au kuliwa. Anayeanza Mei, akishaona mitumbwi imefungwa, amechelewa.

Adui mkubwa anabaki kideri, ugonjwa wa Newcastle, ambao humaliza kuku wa mtaa mzima na haumwachi kanga. Chanjo ipo, lakini chupa moja mara nyingi hutosha ndege mia na zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Mama mwenye ndege watano hawezi kuinunua peke yake. Hapa ndipo tunapozitaka ofisi za ufugaji zifanye kazi yao: zitangaze siku moja ya chanjo kwa kila mtaa, na viongozi wa mitaa wawakusanye wafugaji. Kwa mashirika yanayogawa kuku kwa waliokimbia vita au waliopoteza nyumba kwa mafuriko, kama yale ya Aprili 2020, tunasema hivi: kugawa ndege bila chanjo ni kugawa mizoga.

Kwa wananchi, ombi letu ni jepesi. Mwenye kanga amuuzie jirani mayai badala ya kuyapeleka yote sokoni. Mwenye kuku anayeatamia amtumie. Haba na haba hujaza kibaba. Ziwa linahitaji kupumzika, na litapumzika kwa amani zaidi siku ambayo kufungwa kwake hakutamaanisha sufuria tupu.