Bunagana: Mzee mwenye presha naye anahitaji dawa

Tangu waasi wa M23 walipoiteka Bunagana tarehe 13 Juni 2022, habari za mji huo wa mpakani, wilayani Rutshuru, zimekuwa za risasi, ushuru na raia waliokimbilia Kisoro nchini Uganda. Mzee mwenye presha hatajwi. Naye akiuliza kama bado inafaa ahangaike na vidonge, mara nyingi huambiwa: huo ni uzee tu.

Jibu hilo lilishapimwa. Zamani hata waganga wengi waliogopa kushusha presha ya mtu aliyepita miaka 80, wakidhani watamdhuru. Jaribio liitwalo HYVET, lililotangaza matokeo yake mwaka 2008, liliwafuata wagonjwa 3.845 wa umri huo, wa Ulaya, China, Australia na hata Tunisia. Baadhi walipewa dawa, wengine vidonge vitupu. Ndani ya miaka kama miwili, kwa waliotibiwa vifo vilipungua kwa asilimia 21, na ugonjwa wa moyo kushindwa kazi kwa asilimia 64. Jaribio likasimamishwa mapema, kwani faida ilikuwa imeonekana.

Lakini tahadhari. Wazee wale walikuwa na nguvu kiasi. Bibi aliyelala njaa, aliyetembea siku nzima akikimbia vita, si sawa nao. Mganga ampime akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama: presha ikishuka mno ataona kizunguzungu, ataanguka, na nyonga ikivunjika huku kwetu ni balaa.

Kuna pia utafiti unaopendwa sana na magazeti. Mwaka 2009 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba panya waliopewa rapamycin wakiwa tayari wazee waliishi muda mrefu zaidi. Ni habari nzuri, kwa panya. Dawa hiyo hupunguza kinga ya mwili, na anayeiuza kama dawa ya ujana asiaminiwe.

Kinachokosekana Bunagana si uvumbuzi mpya. Vidonge vya presha ni vya zamani na bei yake si kubwa, ila vinatakiwa kila siku, na vita hukata barabara bila kuaga. Nchini Kongo wagonjwa wa ukimwi wamekuwa wakipewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja. Mashirika yanayopeleka dawa Rutshuru yanaweza kumfanyia mzee wa presha vivyo hivyo, ili akikimbia, akimbie na dawa yake mfukoni.