Bunduki za mtumba Marekani: Bei ya bwerere imeisha, hatari zimebaki

Ilikuwa rahisi kuliko simu ya maana. Miaka kumi na kitu iliyopita, Mmarekani aliweza kuingia dukani na chini ya dola 100, akatoka na Mosin-Nagant, bunduki ya jeshi la Urusi iliyopigana vita kuu zote mbili za dunia. Risasi nazo ziliuzwa kwa kopo la bati, 440 kwa mpigo.

Leo bunduki hiyohiyo inauzwa mara kadhaa ya bei ile. Bado wapo wanaoitafuta kwa ajili ya kulenga shabaha wikiendi, wengi wao wakiwa hawajawahi kuishika. Hapo ndipo shida inapoanza.

Zilitoka wapi?

Mosin-Nagant ilianza kutumika mwaka 1891. Inakadiriwa zilitengenezwa takriban milioni 37, nyingi katika miji ya Tula na Izhevsk. Wakati wa vita ya kwanza, hata viwanda vya Marekani, Remington na Westinghouse, vilipewa oda na serikali ya Urusi.

Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, maghala ya Ulaya Mashariki yalikuwa yamejaa silaha ambazo jeshi halizihitaji tena. Wafanyabiashara wakazinunua kwa jumla na kuzipeleka Marekani. Ni mtumba kama mtumba mwingine: mzigo mkubwa, bei ya chini, na mnunuzi anajichagulia.

Kwa nini bei imepaa?

Kwanza, mzigo umekwisha. Hakuna anayetengeneza bunduki hizo upya.

Pili, siasa. Agosti 2021, Marekani ilitangaza kuzuia vibali vipya vya kuingiza bunduki na risasi kutoka Urusi, kama adhabu kwa sumu aliyopewa mpinzani wa Kremlin, Alexei Navalny. Zuio lilianza Septemba 7 mwaka huo.

Tatu, vita ya Ukraine. Risasi ya Mosin, 7.62x54R, ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na bunduki ya rashasha ya PK, na pande zote mbili zinaitumia. Risasi inayohitajika mstari wa mbele haiendi kwa mtu anayepiga makopo shambani.

Mtego wa namba

Mnunuzi mgeni akiona "7.62" anadhani zote ni moja. Siyo. Ya AK-47 ni 7.62x39, ya NATO ni 7.62x51, ya Mosin ni 7.62x54R. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita, na husaidia kutofautisha risasi ipi ni ya bunduki ipi. Risasi isiyo yake inaweza kuharibu silaha na kumjeruhi mpigaji.

Kuna jambo lingine. Bunduki nyingi zilifunguliwa na kufungwa upya kwenye maghala, kwa hiyo bolti inaweza kuwa imetoka kwenye bunduki nyingine. Bolti isipokaa sawasawa na mtutu, ganda linaweza kupasuka na moshi wa moto ukarudi usoni kwa mpigaji. Fundi bunduki hupima nafasi hiyo kwa kipimo maalumu kwa dakika chache tu. Tatizo ni kwamba aliyefuata bei chee mara nyingi hataki kumlipa fundi.

Chumvi ndani ya mtutu

Risasi nyingi za zamani za kijeshi zina kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu hewani na kutu huanza chap. Mafuta peke yake hayaiyeyushi. Kinachofanya kazi ni maji, hasa ya moto, kisha kukausha vizuri na ndipo kupaka mafuta, siku hiyohiyo.

Baadhi ya viwanja vya shabaha pia hujaribu risasi kwa sumaku. Ikinasa, hairuhusiwi, kwa kuwa chuma huweza kutoa cheche au kuharibu kizuizi cha nyuma. Mtu anajikuta na kopo zima la risasi na hana pa kuzipigia.

Kuukuu haimaanishi nje ya sheria

Kuna dhana kwamba bunduki kuukuu ni kama pambo la ukutani. Mosin iliyotengenezwa mwaka 1943 kisheria ni silaha kamili. Akinunua dukani, mteja hujaza fomu 4473 na taarifa zake kuchunguzwa.

Hili linawagusa moja kwa moja Waswahili walioko huko. Mwenye green card anaweza kununua akikidhi masharti mengine. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, mfano mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki wala kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe na kibali halali cha uwindaji au aangukie msamaha mwingine wa kisheria. Kualikwa na marafiki "kupiga mbili tatu" si kinga. Adhabu inaweza kufika miaka 15 jela, na mtu kufukuzwa nchini.

Kwa hesabu ya leo, bei ya kwenye kibandiko ni mwanzo tu. Kuna fundi, kuna risasi zilizopanda bei, kuna usafi wa kila siku ya shabaha. Asiyeviweka kwenye bajeti atavilipia baadaye, na pengine si kwa pesa tu.