Mzee Aulizwe Kabla ya Kisu

Nasema wazi tangu mwanzo: kumwunganisha mzee wa miaka 75 na mashine ya moyo na mapafu baada ya upasuaji, bila yeye mwenyewe kuulizwa kabla, ni kumvunjia heshima. Na kumnyima mashine hiyo kwa sababu ya umri wake tu ni kumvunjia heshima vilevile.

Mashine hiyo huitwa ekmo. Pampu yake huvuta damu kutoka mshipa mkubwa, huipitisha penye kiwambo kinachoitia oksijeni na kuiondolea hewa chafu, kisha huirudisha mwilini. Asili yake ni mashine aliyoitumia daktari John Gibbon mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1953. Ile ya Gibbon ilikuwa ya chumba cha upasuaji, kwa muda mfupi. Hii huendelea kwa siku, hata majuma, pale moyo uliokwisha kushonwa unapokataa kurudi kazini.

Ekmo haitibu. Ni daraja la kumvusha mgonjwa hadi moyo wake upate nguvu, au apandikizwe moyo mwingine, au awekewe pampu ya kudumu. Mzee mara nyingi hubakiwa na tumaini la kwanza tu, maana wengi wa rika lake hawakubaliwi kupandikizwa. Moyo wake usipoamka, daraja halina ng'ambo.

Mwaka 2010 madaktari wa Leipzig, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 517 waliowekewa ekmo baada ya upasuaji wa moyo. Zaidi ya nusu waliweza kuondolewa mashine, lakini takriban robo tu walitoka hospitalini wakiwa hai. Waliozidi miaka 70 walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Wako wenzangu watakaosema: basi, wazee wasiwekewe. Napinga. Hatari kubwa si sawa na kutowezekana. Wazee wawili wa miaka 75 si mtu mmoja: huyu bado analima shamba lake, yule hawezi kuvuka ua bila kushikwa mkono. Daktari apime figo, mapafu, ubongo na nguvu za mwili. Anayemhukumu mgonjwa kwa mwaka wa kuzaliwa amekwepa kazi ya kupima.

Wengine watasema: maadamu mashine ipo, iwashwe, mtoto mwema hamwachi mzazi wake. Hao nao nawapinga. Mgonjwa wa ekmo huweza kutokwa na damu nyingi, kupata kiharusi, kushindwa figo, au mguu wake kukosa damu. Siku zinapita, na watoto walioketi nje ya mlango wanaombwa waseme kama mashine izimwe. Mzazi hakuwaachia neno lolote, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Hapo ndipo lawama yangu inapoangukia sisi. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, lakini neno likihusu mwili wa mzee mwenyewe, tunamtoa barazani. Kwetu Uganda ni kawaida jamaa kumvuta daktari pembeni na kunong'ona, huku mgonjwa akiambiwa, "Utapona tu, Mzee." Hiyo tunaiita huruma. Mimi naiita dharau iliyovaa kanzu ya huruma.

Nataka mambo matatu. Mzee aelezwe kabla ya kisu nini kinaweza kutokea, naye amtaje atakayemsemea akiwa hana fahamu. Mashine isiwashwe kabla familia na madaktari hawajakubaliana ni dalili gani zitaonyesha kwamba moyo unarudi, na ni lini watakaa tena kuamua. Na maelezo yote yatolewe kwa lugha anayoielewa.

Hilo la tatu ni letu, wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Tunajadili istilahi madarasani mwaka mzima, na bado mzee husaini karatasi asiyoielewa. Hiari bila kuelewa si hiari. Tumpe maneno, kisha tumwache achague.