Mtoto wa Wampembe Ashindwe Nini na Leza?

Wanachuo wenzangu wa ualimu, tuambiane ukweli. Tukienda fildi kufundisha fizikia, wengi tunajaza ubao notisi, wanafunzi wanakili, wanameza, wanatapika kwenye mtihani. Tukiulizwa, tunasema shule haina maabara na Kiingereza hakipandi. Mimi natokea Wampembe, na utetezi huo siukubali. Natoa mfano wa mada inayotisha: kutandaza kwa leza utando wa plastiki unaotoa mwanga.

Mwaka 1990 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitangaza kwamba polima, ndugu wa plastiki, inaweza kuwaka ikipitishiwa umeme. Kazi ipo kwenye kuipaka. Utando wake una unene wa kama nanomita 100. Unywele wako unauzidi mara mamia. Ukiipiga polima kwa leza moja kwa moja, minyororo ya molekuli zake inakatika. Kwa hiyo wataalamu huiyeyusha kwenye kimiminika, huigandisha iwe barafu, kisha huipiga leza ndani ya chombo kisicho na hewa. Barafu ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya kipigo. Inageuka mvuke na kufyonzwa nje. Polima inarukia kioo na kutulia salama.

Sasa hapo kigumu kiko wapi? Mtoto wa Wampembe anajua dagaa wakianikwa maji huondoka, dagaa hubaki. Anajua babu alivua kwa karabai na kaka anavua kwa taa za LED. Taa hizo ni za fuwele, si za polima, ila swali ni lilelile: umeme unageukaje mwanga bila moto?

Wengine watasema, "Mtihani hauulizi hayo." Kweli. Lakini unauliza mvukizo, nishati na mkondo wa umeme, na vyote vimo humo. Unauliza kwa Kiingereza pia, basi maneno yake tuwafundishe, ila baada ya maana kuingia kwa Kiswahili. Neno lisilo na maana kichwani halikai hadi Novemba.

Maabara tuendelee kuzidai, ni haki yao. Ila wakati tunazisubiri, kila mmoja wetu aende fildi na mada moja ngumu aliyoielewa mpaka anaweza kuieleza kwa Kiswahili. Tusipofanya hivyo, watoto wataendelea kuikimbia fizikia, na sisi tutaendelea kusema hawana akili.