Kijana anasomea uhandisi, nani anamfundisha kuongoza watu?

Chukua mfano wa kijana wa mwaka wa pili chuo kikuu anayeshuka basi stendi ya Same akitokea Dar es Salaam. Ndani ya begi ana kofia ngumu na buti za kazini. Nyumbani anapokewa kwa vigelegele, maana ndiye wa kwanza katika ukoo kusomea uhandisi. Baba mdogo ameshaanza kumwita "injinia" mbele ya majirani. Amekuja kufanya mafunzo kwa vitendo karibu na nyumbani, kwenye kazi ya kukarabati ukuta wa ndiva milimani.

Wiki ya kwanza haijaisha, mama anaona mabadiliko. Kijana anakula kidogo, usiku anageuka geuka kitandani, na akiulizwa kazi inaendaje anajibu neno moja: "Poa."

Kilichomsibu ni hiki. Amewaona mafundi wakiongeza maji mengi kwenye zege ili liwe rahisi kumwaga. Darasani amefundishwa kwamba maji yakizidi, zege linakauka likiwa dhaifu. Analijua hilo kwa hesabu na kwa michoro. Lakini fundi mkuu ana umri wa babu yake, na alikuwa akijenga kabla yeye hajazaliwa. Fundi alipomtupia jicho na kuuliza, "Vipi injinia, liko sawa?" kijana akajibu, "Liko sawa, mzee." Jioni akaandika kwenye daftari lake la mafunzo kwamba kazi imekwenda vizuri. Tangu hapo hana usingizi.

Kijana huyu hesabu anaziweza. Asichokuwa nacho ni namna ya kusimama mbele ya watu, tena waliomzidi umri, na kusema jambo gumu bila kuwavunjia heshima na bila kujidharau. Huo ni uongozi, na wanafunzi wengi wa uhandisi hawajawahi kukaa na mtu wa kuwanoa katika eneo hilo.

Gharama ya kunyamaza

Mzazi anaweza kudhani haya ni mambo madogo ya aibu ya ujana. Historia ya uhandisi inaonyesha vingine.

Usiku wa Januari 27, 1986, nchini Marekani, mhandisi Roger Boisjoly na wenzake walipinga kurushwa kwa chombo cha anga cha Challenger. Walihofia kwamba baridi ya usiku ule ingeharibu ufanyaji kazi wa mipira ya kuziba maungio ya roketi. Wakuu wa kampuni yao waliwasikiliza, kisha wakaamua vingine. Kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Wahandisi wale walisema na bado maafa yakatokea. Basi mahali ambapo hakuna anayethubutu kusema, hatari ni kubwa zaidi.

Karibu na nyumbani, Novemba 2009, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya udongo Mamba Miamba, wilayani Same, yakaua watu wasiopungua 20. Yale yalikuwa maafa ya asili, hakuna mhandisi wa kulaumiwa. Lakini kwenye miinuko mikali kama ya Upare, kila mfereji, kila ukuta na kila barabara inayokatwa ubavuni mwa mlima inahitaji mtu anayejua hatari na anayeweza kuwaambia wanakijiji wakamwelewa. Hesabu sahihi iliyobaki kwenye daftari haimwokoi mtu.

Milima yenye shule yake ya uongozi

Upare hauhitaji kuagiza uongozi kutoka mbali. Kwa vizazi vingi Wapare wamekuwa wakichimba ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya vijito usiku ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa mifereji. Mfano ni ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala, bonde la Makanya, ambako watafiti wa vyuo vikuu vya ndani na nje wamefika mara nyingi kujifunza.

Ukiitazama kwa jicho la mhandisi, ndiva ni udongo, mawe, lango la maji na mteremko. Lakini kinachoifanya idumu ni watu. Kuna kamati, kuna zamu, kuna anayefungua maji, na kuna adhabu kwa anayeiba zamu ya mwenzake. Tope likijaa, inapigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya inatoa mtu. Asiyefika bila sababu anatozwa faini.

Mwanafunzi akifika hapo na mchoro mzuri bila kujua nani wa juu anapata maji kabla ya nani wa chini, na mgogoro wa mwaka jana uliishaje, mchoro wake utabaki karatasi. Anatakiwa kwanza kuamkia wazee, kusikiliza, na kuuliza. Kusema "sijui, naomba mnieleze" hakumpunguzii kitu.

Hata miradi mikubwa ina sura hiyo. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaotoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza kujengwa mwaka 2014 na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025. Miaka yote hiyo si mabomba peke yake. Ndani yake kuna mikataba, fedha, mabishano, subira, na watu wa Same waliokuwa wakiuliza maji yatafika lini. Wahandisi wa kesho watakutana na maswali ya namna hiyo kila siku ya kazi.

Mpango wa kuwanoa unavyoendeshwa

Tanzania ina mfumo unaokaribiana na hitaji hili. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha mpango wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu, unaofahamika kwa kifupi SEAP. Mhitimu anafanya kazi kwa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili.

Tatizo ni kwamba mpango huo unaanza baada ya chuo. Shahada ya uhandisi nchini inachukua miaka minne, na kwenye miaka hiyo ndiko kijana anakojengea tabia ya kusema au ya kunyamaza. Ndiyo maana baadhi ya vyuo duniani vimeanza mapema. Taasisi ya MIT ya Marekani, kwa mfano, ilianzisha programu ya uongozi kwa wanafunzi wa uhandisi mwaka 2008.

Kuongoza programu kama hiyo hakuhitaji jengo wala kompyuta za bei mbaya. Kunahitaji kundi dogo la wanafunzi, mlezi aliyetulia, na ratiba isiyovunjwa. Wanafunzi wanapewa kazi halisi ya pamoja, kisha wanaongoza kwa zamu, kila mmoja na wiki yake. Baada ya kazi wanakaa na kuulizana: nani alisikilizwa, nani alinyamazishwa, uamuzi ulifikiwaje?

Mlezi hatoi majibu. Hapo ndipo wahandisi wengi wanaopewa kazi ya kulea vijana hujikwaa, kwa sababu wamezoea kutatua. Mwanafunzi akieleza shida, mkubwa anarukia suluhisho. Kijana anaondoka na jibu la mtu mwingine, na kesho shida ikibadilika kidogo anarudi mikono mitupu. Mlezi mzuri anauliza, ananyamaza, na anavumilia ukimya mpaka kijana afike mwenyewe.

Mlezi anatakiwa pia kuwaangalia wasichana kwa makini. Kwenye makundi ya uhandisi mara nyingi wako wachache, na ni rahisi wakageuzwa waandishi wa kumbukumbu za kikao huku wavulana wakishika vipimo. Zamu ya kuongoza inaondoa hilo bila ugomvi.

Na siri za kikao zibaki kwenye kikao. Mwanafunzi akihisi udhaifu wake utafika kwa mwalimu anayesahihisha mtihani, hatasema lolote la maana.

Maswali manne ya mezani

Mzazi wa Same, Hedaru au Gonja hawezi kwenda chuoni kuendesha programu, lakini anaweza kutumia njia hiyo hiyo jikoni kwake. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, aliieneza duniani kupitia kitabu chake cha mwaka 1992. Inasimama juu ya maswali manne.

La kwanza: unataka nini kitokee? La pili: hali ikoje sasa hivi? La tatu: kuna njia gani unazoweza kutumia? La nne: utafanya nini, na lini?

Ugumu uko kwenye kutojibu kwa niaba ya mtoto. Mzazi aliyeuza tangawizi na mbuzi kujazia ada anatamani kusema, "Mwanangu, usinitie aibu, fanya hivi." Sentensi hiyo inafunga mdomo wa kijana, maana tangu hapo kila kosa lake linakuwa deni kwa familia. Ndivyo wengine wanavyorudia mitihani, na hata kuondolewa chuoni, wazazi wakiwa wa mwisho kujua.

Jina "injinia" nalo litumike kwa kiasi. Kwa kijana anayejiamini ni pongezi. Kwa anayeyumba ni mzigo, kwa sababu linamwambia kwamba haruhusiwi kutojua.

Mazungumzo yanapokuwa hayatoshi

Maswali mazuri si tiba ya ugonjwa. Kama huzuni, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula au kutopenda tena vitu alivyovipenda vinaendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona, na kijana anatakiwa kumwona mtaalamu wa afya. Akitamka kwamba hana sababu ya kuishi, hata kwa utani, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mlezi chuoni: anatakiwa kujua mpaka wake na kumpeleka mwanafunzi kwa mshauri nasaha mapema.

Kwa kijana wa mfano huu, hali haijafika huko. Mama anamkalisha jioni, anamenya ndizi huku akiuliza bila haraka.

"Unataka nini kitokee pale kazini?"

"Ukuta usije ukapasuka, mama."

"Sasa hivi hali ikoje?"

Kijana anaeleza yote, mpaka lile la kuandika uongo kwenye daftari. Mama haelewi mambo ya zege, lakini anaelewa uso wa mwanawe. Hamkaripii. Anauliza kuna njia gani. Kijana anafikiri, kisha anakumbuka kipimo rahisi cha chuoni: koni ya bati yenye urefu wa milimita 300. Inajazwa zege kwa tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa, koni inainuliwa, na wanapima zege limeporomoka kiasi gani. Likiporomoka kupita kiwango kilichowekwa kwa kazi hiyo, haliendi ukutani. Kipimo kinaongea chenyewe, hakimtukani mtu.

"Utafanya nini, na lini?"

"Asubuhi nitamwambia msimamizi wangu ukweli, hata lile la daftari, tuchunguze na sehemu iliyokwisha kumwagwa. Na fundi nitamwendea kabla kazi haijaanza, nisimseme mbele ya vibarua."

Asubuhi hiyo atampa fundi shikamoo kwanza. Kisha atasema, "Mzee, juzi uliniuliza kama liko sawa, nikakujibu haraka. Naomba leo tulipime pamoja."

Fundi anaweza kukubali, anaweza kununa. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo, kijana atakuwa amelala.